"Umezaa, ni kawaida": jibu linalomfungia mzazi mlango wa tiba

Mtoto ana wiki kadhaa, ananyonya vizuri, kitovu kimeshakauka na kudondoka. Mama yake amesimama akikunja nepi, chafya inamjia ghafla, na kabla hajamaliza kujifuta pua anahisi unyevu kwenye nguo ya ndani. Anajiambia ni jasho. Keshokutwa anacheka, yanajirudia. Inamchukua muda kupata ujasiri wa kumwuliza mtu anayemwamini, na jibu linakuja haraka kuliko alivyotegemea: "Umezaa, mwenzangu. Ni kawaida."

Ugomvi wangu uko na neno hilo la mwisho. Kwa Kiswahili, "kawaida" limebeba mambo mawili kwenye kapu moja: lile linalowatokea wengi, na lile lisilo na kasoro. Jino kuoza ni kawaida kwa maana ya kwanza, lakini hakuna anayemwambia mwenye jino bovu aende akazoee. Kwa mzazi anayevuja mkojo, maana ya kwanza huteleza ikageuka ya pili katikati ya sentensi, na tiba inakwisha kabla haijaanza.

Kwamba linawatokea wengi, hilo halina ubishi. Karibu mwanamke 1 kati ya 3 huvuja mkojo baada ya kujifungua. Uchambuzi uliochapishwa Desemba 2023 katika jarida la The Lancet Global Health ulikadiria kuwa angalau wanawake milioni 40 kila mwaka huenda wakapata tatizo la kiafya la muda mrefu lililotokana na uzazi: asilimia 35 ya waliojifungua wakiumia katika tendo la ndoa, asilimia 19 wakishindwa kuzuia haja kubwa au hewa. Sehemu kubwa ya orodha hiyo inaangukia kwenye misuli ambayo wengi wetu tuliisikia kwa mara ya kwanza tulipokuwa tayari tumeumia.

Misuli ya sakafu ya nyonga imetandazwa chini ya kiwiliwili kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Juu yake vimekaa kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mpana. Njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa zimepenya humo, kwa hiyo misuli ileile inayobeba ndiyo inayofunga na kufungua. Ikibana, inakaza na kuinuka kidogo kuelekea ndani. Ikilegea, unaweza kwenda haja bila kujikamua. Kazi yake nyingi inafanyika bila wewe kuifikiria, ndiyo maana hata inapodhoofika ni vigumu kusema ni kitu gani hasa kimepungua.

Halafu kinapita kichwa cha mtoto. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitumia mfano wa kompyuta kukadiria kinachotokea wakati huo, wakakuta kwamba sehemu ya ndani zaidi ya misuli hiyo huvutika hadi zaidi ya mara 3 ya urefu wake wa awali. Ajabu ni kwamba kwa wanawake wengi inarudi. Kwa baadhi hairudi sawasawa: kipande cha msuli kinaweza kung'oka pale kilipojishika kwenye mfupa, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi mtoto anapovutwa kwa koleo. Mishipa ya fahamu nayo hukandamizwa. Msamba huchanika, au mzazi huongezewa njia, kisha anashonwa. Aliyejifungua kwa upasuaji ameepuka mengi ya hayo, lakini hajaepuka yote, kwa kuwa misuli yake nayo imebeba mimba miezi 9 na tumbo lake lina kovu linaloweza kuathiri namna anavyopumua na kunyanyuka.

Kabla sijaendelea, kuna aina moja ya mkojo ambayo haimo kabisa katika mazungumzo haya. Mkojo unaotiririka usiku na mchana, bila kukohoa wala kucheka, hasa baada ya uchungu uliodumu muda mrefu, unaweza kuwa dalili ya fistula: tundu kati ya kibofu na uke. Hakuna zoezi linaloziba tundu. Huyo anahitaji hospitali, na wengi huhitaji upasuaji. Anayemwambia "ni kawaida" anamfanyia ubaya ambao pengine hata haujui.

Sasa turudi kwa wengi waliobaki. Ukivuka kizingiti cha "ni kawaida", kizingiti kinachofuata kina jina la mtu: Kegel, yaani zoezi la kubana na kuachia misuli hiyo. "Fanya Kegel." Wakunga wanalisema, dada zetu wanalisema, kila ukurasa wa mazoezi mtandaoni unalisema. Nami niliambiwa hivyo, kwa sentensi moja, mhudumu akiwa amekwishashika faili la mzazi anayefuata. Nilikwenda nyumbani nikabana. Nilibana nikinyonyesha, nilibana nikiosha vyombo, nilibana kwenye foleni. Miezi minne baadaye mkojo ulikuwa unavuja vilevile, ila matako yalikuwa imara ajabu, maana ndiyo niliyokuwa nayabana muda wote huo.

Sikuwa peke yangu. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwapa wanawake 47 maelekezo mafupi ya mdomo ya namna ya kubana, kisha wakapima walichokuwa wanafanya. Asilimia 49 walibana ipasavyo. Asilimia 25 walifanya kwa namna ambayo ingeweza kuzidisha tatizo lenyewe, kwa sababu mtu anayedhani anabana anaweza kuwa anasukuma chini, kama anayejikamua chooni. Fikiria dawa ambayo robo ya wagonjwa wanaimeza kinyume, na aliyeiandika hana habari kwa sababu hajawahi kuwatazama wakiimeza.

Inachekesha kidogo kwamba mambo haya yanafanyika kwa jina la Arnold Kegel. Daktari huyo wa magonjwa ya wanawake wa Marekani alichapisha makala yake maarufu mwaka 1948, na hakuwa wa kwanza; Margaret Morris, mcheza dansi wa Uingereza aliyesomea pia fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, alikuwa ameshaeleza mazoezi ya aina hiyo miaka ya 1930. Alichokuwa nacho Kegel ni subira na kifaa. Alibuni perineomita, mpira mdogo unaoingizwa ukeni na kuunganishwa na saa ya kupimia shinikizo, ili mwanamke aone mshale ukipanda anapobana kwa usahihi. Alimpima kwanza, akamfundisha, akamrudisha kumpima tena. Sisi tumechukua jina na kubana, tukaacha kupima, kufundisha na kurudia. Yaani tumeacha tiba.

Tiba yenyewe, ukiikuta, haifanani na ile sentensi moja niliyoambiwa. Mtaalamu wa fiziotherapia wa afya ya wanawake huanza na maswali, tena maswali ambayo hujawahi kuulizwa na mtu mzima mwenzako. Unakwenda haja ndogo mara ngapi kwa siku? Usiku unaamka mara ngapi? Choo ni kigumu? Unajikamua? Mkojo unakutoka ukikohoa, au unakutoka ukiwa njiani kwenda chooni? Hayo mawili ni matatizo tofauti, na kuna wenye yote mawili. Tendo la ndoa limerudi? Linauma mlangoni au ndani? Anakupa daftari uandike kwa siku 3 kila unachokunywa na kila unapokwenda chooni, na ni hapo unapogundua kwamba una tabia ya kwenda "kwa tahadhari" kila unapotoka nyumbani, tabia inayokizoesha kibofu kudai mapema.

Kisha, ukikubali, anakupima kwa mkono. Unaweza kukataa, na mtaalamu mzuri atakwambia hivyo kabla hujauliza. Anavaa glavu, anaweka kidole ukeni, anasema, "Vuta kama mtu anayezuia hewa isimtoke mbele za watu." Nikavuta. "Hayo ni matako, dada. Yaache yapumzike. Vuta tena, kidogo tu, kama unainua kitu ndani." Mara ya tatu nilisikia kitu kikisogea pahali ambapo sikujua kama kuna kitu cha kusogea. Nguvu hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Mimi nilipewa 2, na nilidumu nayo kwa hesabu ya tatu kabla haijaniponyoka. Halafu akasema neno ambalo sentensi ile haikuwa nalo: "Achia." Nikaachia. "Bado. Achia yote." Kulegeza kulinishinda kuliko kubana.

Somo hilo la kuachia lina uzito wake. Wapo wanawake ambao misuli yao haijalegea hata kidogo. Imekaza kupita kiasi. Mshono ulioponea kwa maumivu, hofu, au miezi ya kujibana ili mkojo usitoke huifanya ikae kama ngumi iliyofumbwa. Dalili zake ni kuumia katika tendo la ndoa, choo kusumbua, maumivu ya nyonga, na wakati mwingine mkojo kuvuja pia, kwa sababu msuli uliochoka kwa kukaza hauna tena nguvu ya kukaza zaidi unapohitajika. Mwanamke huyu ukimwambia afanye Kegel mara 3 kwa siku, unamfumba ngumi zaidi. Anayohitaji ni pumzi ya tumbo iliyotulia, kovu kulainishwa, misuli kufundishwa kunyooka. Kutoka nje huwezi kumtofautisha na yule mwenye misuli dhaifu. Wote wawili watakwambia, "Kuna shida huku chini."

Aliyegundulika kuwa na udhaifu anapewa kipimo chake, kama dozi. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka mwanamke anayevuja anapokohoa au kunyanyuka apewe kwanza angalau miezi 3 ya mazoezi yanayosimamiwa, yenye mibano isiyopungua 8 kila awamu, awamu 3 kwa siku. Msisitizo uko kwenye kusimamiwa. Ipo pia mbinu ndogo ambayo naipenda kwa unyenyekevu wake: kubana sekunde moja kabla ya kukohoa, kupiga chafya au kunyanyua mtoto. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha wanawake waliofundishwa hivyo wakivuja kidogo zaidi walipokohoa, na walikuwa wamefanya mazoezi kwa wiki moja tu. Wiki moja haitoshi kujenga msuli. Walichojifunza ni wakati wa kuutumia.

Je, inafanya kazi kweli? Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 31 zenye wanawake 1,817 kutoka nchi 14, yalionyesha kwamba miongoni mwa wanaovuja kwa kukohoa au kunyanyuka, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi walisema wamepona, dhidi ya asilimia 6 ya wasiofanya. Katika tiba zisizo na kisu wala kidonge, sidhani kama kuna nyingi zenye pengo kubwa kiasi hicho. Linganisha na njia ya mkato tuliyoikimbilia huko nyuma. Wavu wa plastiki uliokuwa ukipandikizwa kwa wanawake wenye matatizo ya aina hii ulisitishwa Uingereza mwaka 2018 baada ya malalamiko ya maumivu na madhara, na mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ikawaamuru watengenezaji waache kuuza ule wa kutibu kushuka kwa viungo vya nyonga kupitia ukeni. Sipingi upasuaji. Kuna kizazi kilichoshuka kiasi kwamba hakuna zoezi la kukirudisha. Ninachopinga ni mwanamke kufikia kisu bila kuwahi kufundishwa kubana.

Hapa lazima niwavunje moyo kidogo wenzangu wanaotaka kila mzazi apangiwe mazoezi siku anayoruhusiwa kutoka wodini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua haupendekezi kuanzisha mazoezi haya kwa wazazi wote kama kinga. Wengi waliposikia hivyo walichukia, na nimeona wengine wakiutumia kama ushahidi kwamba jambo zima ni anasa. Wote wamesoma nusu. Mwongozo huohuo unasema anayevuja baada ya uzazi aelezwe faida ya mazoezi. Na kinga ina wakati wake: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa wajawazito wasiovuja wanaoanza mapema, kwa mpango, hupunguza uwezekano wa kuvuja mwishoni mwa ujauzito kwa karibu asilimia 62, na kwa karibu asilimia 29 miezi 3 hadi 6 baada ya kujifungua. Nikiziweka pamoja, naona zinaelekeza kitu kimoja. Mjamzito afundishwe mapema. Aliyejifungua aulizwe, na anayevuja apelekwe kwa mtu wa kumpima. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi, bima ya afya ya taifa ikiwalipia wazazi vipindi vya mazoezi haya, kwa kawaida 10, kwa mkunga au kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Unaweza kubishana nao kama kila mmoja anavihitaji. Lakini huko mwanamke hahitaji ujasiri ili aulizwe, anaulizwa tu.

Soko, kama kawaida yake, limeliona pengo kabla ya wizara. Kuna mawe ya kuingiza ukeni, vipira vya uzito, vidude vinavyounganishwa na simu vinavyokuonyesha ua likichanua unapobana. Mengine hayana madhara, mawe niyaache yalivyo. Lakini mwaka 2020 utafiti wa Uingereza uliohusisha wanawake 600 ulilinganisha mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu peke yake, na mazoezi hayohayo yakiongezewa kifaa cha kupima mibano kliniki na nyumbani. Baada ya miaka 2 hapakuwa na tofauti ya maana katika kuvuja. Kifaa hakikuongeza kitu pale ambapo mtu alikuwa anafundisha vizuri. Kwa hiyo anayenunua kidude badala ya kumwona mtu amenunua kile kisichoongeza, akaacha kile kinachotibu.

Najua pingamizi linalokuja, na ni la haki: wataalamu wa aina hii ni wachache karibu kila mahali, na hawawezi kukaa saa nzima na kila mzazi. Jibu lenye ushahidi limetoka Kanada. Utafiti wa mwaka 2020 wa wanawake 362 wenye umri wa miaka 60 na zaidi uliwagawa, wengine wakafanya mazoezi mmoja mmoja na mtaalamu, wengine kwa makundi, kwa wiki 12. Mwaka mmoja baadaye waliofanya kwa kundi hawakuwa nyuma. Hao si wazazi wapya, na mwili wa miaka 60 si wa miaka 25, hilo nalikubali. Kinachonivutia ni hatua ya kwanza ya utafiti huo: kabla ya kuingia kwenye kundi, kila mwanamke alipata kipindi kimoja cha peke yake cha kufundishwa kubana kwa usahihi. Kipindi kimoja. Mkunga anayekagua mshono wa msamba tayari yuko pale pale panapohusika, glavu amevaa, mzazi amelala. Akifunzwa kupima nguvu, kulegea na mwelekeo wa mbano, dakika chache zinatosha kujua nani aende kwenye kundi, nani aende kwa fiziotherapia, na nani aambiwe asibane chochote kwa sasa.

Kinachokwamisha, kwa maoni yangu, kiko kwenye karatasi ya wiki ya 6. Mtoto hupimwa uzito, hupimwa kichwa, huchomwa sindano, huandikiwa tarehe ya kurudi. Mama huulizwa, "Na wewe unaendeleaje?" Kwa Kiswahili swali hilo lina jibu moja tu, na jibu hilo ni "Nzuri." Ni salamu. Mtu hajibu salamu kwa kueleza habari za kibofu. Weka mahali pake maswali matatu yenye majina ya vitu: Mkojo unakutoka ukikohoa au ukicheka? Unaweza kuzuia hewa na haja kubwa? Kuna kinachouma, au kinachoshuka, ukeni?

La kwanza kati ya hayo niliulizwa mtoto wangu akiwa na miezi 7. Nilijibu, "Kidogo tu, kawaida." Aliyeniuliza hakuinua macho kwenye karatasi. Alivuta kiti, akakaa, akauliza kidogo hiyo ni pedi ngapi kwa siku.